Mahindi Yaliyopigiwa Kura

Wenzangu wa darasa la cherehani, kila mmoja wenu amenipigia kwa wakati wake akitaka kujua ilikuwaje nikaenda Biharamulo kuleta mahindi ya serikali, na kama ni kweli au ni uzushi kwamba kitongoji chetu kiliyapigia kura. Nikisimulia kwa mdomo naruka huku na huku, halafu mtandao unakata pale penyewe penye utamu. Nimeona niandike. Mnajua niliishia la saba, kwa hiyo msitafute ufundi. Niliyoyaona nitasema niliyaona, niliyoambiwa nitasema niliambiwa, na nikimsema mtu vibaya kuliko anavyostahili, anayemfahamu anirekebishe.

Ntobeye hadi Rulenge

Hali ya kwetu Ntobeye mnaijua. Migomba imekwisha kwa mnyauko, na mvua ilichelewa mpaka maharage yakaungua yakiwa maua. Serikali ilikubali kutupa mahindi kutoka ghala la Biharamulo, ila kijiji kitoe mtu wa kuyasindikiza, maana njia panda za kwetu zimewahi kumpoteza dereva mgeni. Nikachaguliwa mimi. Wengine walisema ni kwa kuwa nilishaishi Biharamulo, wengine ni kwa kuwa sina ugomvi na mtu. Mimi niliogopa kwamba ni kwa kuwa sijui kukataa.

Asubuhi ya kuondoka nilipita kwa shangazi Veneranda, dada wa baba yangu, anayeishi ng'ambo ya bonde na wajukuu aliobaki nao binti yake alipofariki. Nilimkuta anachemsha mapapai mabichi. Alifunika sufuria haraka, nikajifanya sikuona, naye akajua kwamba nimeona. Wajukuu walikuwa wamekaa kimya ukutani kama watu wazima, na hilo lilinitisha kuliko yale mapapai. Nilipoaga akaniambia, "Nenda mama, usikawie huko." Mnajua kwetu shangazi hakuombi kitu. Hilo lilikuwa ombi, na safari nzima nilikuwa nimelibeba.

Pikipiki ilinifikisha Rulenge baada ya kutoboka tairi mara nyingi hata dereva akaacha kuona aibu. Pale Rulenge nilichekesha watu bila kutaka. Nilikuwa na kikapu, mkeka na beseni, basi kila mtu alidhani ninakwenda hospitali kuuguza. Mama muuza chai akanipa pole, akaniuliza mgonjwa wangu analazwa wodi gani. Nikamwambia sina mgonjwa, nafuata mahindi. Akaniangalia kwa huruma zaidi, nadhani aliona mgonjwa ni mimi. Alinipa andazi la pili bure, na sikulikataa.

Rulenge hadi Nyakahura

Kutoka pale nilipata pikapu ya mfanyabiashara wa dagaa aliyekuwa anarudi mtupu. Mtupu wa dagaa, si wa harufu. Ilikwenda vizuri mpaka karibu na Nyakahura, ikazimika, na fundi akaenda kutafutwa mahali ambapo hakuna aliyepajua.

Jua lilipokuwa kali mama mmoja alitoka shambani akatuita tukae kivulini kwake. Jina lake Bi Zaituni, Mwislamu, Msubi wa palepale, mume wake analima mihogo. Nikamsalimu shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanitazama vizuri akasema huenda ni yeye aliyepaswa kunipa shikamoo mimi. Tukabishana umri tukicheka, hatukupata mshindi.

Alitupikia ugali wa udaga, ule mweusi wa muhogo uliovundikwa, kwa kisamvu. Sisi Wahangaza tuliozoea ndizi huusema vibaya ugali ule. Nami nimewahi kuusema. Siku ile niliula mpaka nikalamba vidole, kwa hiyo nafuta maneno yangu.

Aliposikia habari ya mahindi akauliza jambo ambalo sikuwa na jibu lake zuri: serikali inajuaje nani ana njaa? Hata kwao mvua ilikuwa mbaya, na hawakuona mtu. Nikamweleza ilivyokuwa kwetu. Watu wa tathmini walipokuja, sisi tuliambiwa tu kwamba kuna wageni. Basi tukafagia, tukavaa nguo za misa, na kitongoji kikachanga kuku aliyebaki kikampika na kuwakaribisha. Wageni wakala, wakashukuru, wakaandika kwamba hali si mbaya. Kwa haki niseme kwamba mmoja wao alirudi baadaye peke yake, akaomba maji ya kunywa, akachungulia jikoni na kwenye vihenge. Yule ndiye aliyerekebisha mambo. Bi Zaituni alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akasema yeye angewapikia kuku vilevile, sasa ungefanyaje na mgeni yuko mlangoni?

Bado nalifikiria swali lake.

Biharamulo

Niliingia Biharamulo nikidhani nitapakia na kuondoka. Kumbe kuna kusubiri. Mwenye funguo za ghala alikuwa msibani, na alipofika, lori letu lilikuwa halina tairi moja, tairi hilo limekopeshwa lori lingine. Sitalaumu. Mtu akifiwa anazika, na lile lori lingine nalo lilikuwa limebeba chakula cha watu.

Aliyekabidhiwa msafara wetu alikuwa afisa wa kike, kijana, anaitwa Neema, mzaliwa wa Dodoma. Aliniita mama tangu mwanzo na hakuniacha nikae juani. Dereva alikuwa Masanja, Msukuma mnene mwenye sauti ya kanisani, na yeye aliniita Mama Ngara kana kwamba wilaya nzima nimeizaa mimi.

Sasa hapa sikilizeni vizuri, ndipo penyewe. Wiki chache nyuma zilikuja kwetu mbegu za mahindi, zile zilizopakwa dawa nyekundu. Neema alikuwa na hofu watu wachanganye, wapande cha kula au wale cha kupanda. Akaniambia niwapigie nyumbani niwaeleze wazi: yanayokuja ni mahindi ya kula, ya kila kaya, wajiandae na vyombo.

Nikampigia shemeji yangu Deo, mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye ndiye mwenyekiti wa kitongoji. Kwa kawaida mimi na Deo tunaongea Kihangaza. Lakini Neema alikuwa amesimama karibu yangu, na mlivyofundishwa ninyi ndivyo nilivyofundishwa mimi: usiongee lugha asiyoijua mtu aliye mbele yako, atadhani unamsema. Kwa hiyo nikaongea Kiswahili. Nikasema ni mahindi ya kula. Angalau ndivyo nilivyokusudia. Mdomo wangu mnaujua, kalamu yangu inatenganisha l na r vizuri kuliko ulimi wangu. Halafu mtandao ukawa unakoroma, na hayo maneno ya kila kaya sina hakika kama yalifika. Deo akaitikia, "Sawa, shemeji, tumeerewa, tutajiandaa." Nikakata simu nimeridhika.

Biharamulo hadi Ntobeye

Masanja alipenda mazungumzo. Tangu Lusahunga mpaka tulipoacha lami alinitania kuhusu matamshi yetu. Kwa nini Mhangaza anasema rakini, anasema chakura? Nikamwambia aangalie mbele kwenye hiyo balabala yake. Neema aliyekaa katikati yetu akacheka kwa mara ya kwanza. Akasema Mungu alitoa r na l zitoshe nchi nzima, ila mgao ukakosewa, Wasukuma wakapewa l zote na Wahangaza r zote.

Njiani tulisimamishwa mara nyingi na watu, si askari, watu wa kawaida. Walikuwa wakitaka kujua mzigo ni wa wapi. Mzee mmoja alishika bomba la ubavuni la lori akauliza kama hatujakosea njia, kwamba pengine yalikuwa ya kwao. Neema alishuka akamjibu kwa heshima kwamba haya ni ya Ntobeye na yanayobaki ni ya Kanazi, na kwamba hajui kama kwao yatakuja. Hakumwahidi. Nilimpenda kwa kutomwahidi, ingawa mzee alibaki amesimama barabarani mpaka tukakunja kona.

Tulifika Ntobeye mchana, mawingu yakianza kujikusanya upande wa Burundi. Neema alikuwa ametuonya: lazima waondoke kabla ya mvua, kilima cha kwenda Kanazi kikilowa lori halipandi. Vitongoji vya mwanzo viligawiwa vizuri, kila kaya debe lake. Tukaja kwetu.

Kwetu nilikuta watu wachache wamepanga mstari, wasafi, vikapu miguuni, nyuso zimetulia kama siku ya kipaimara. Neema akatazama huku na huku akauliza wengine wako wapi. Deo akajitokeza, amevaa koti.

"Wengine hawakupata, mama."

"Hawakupata nini?"

"Kura. Si mrisema ni mahindi ya kura? Tumeshamariza."

Deo, kwa kutaka kurahisisha kazi ya serikali, alikuwa amekusanya kitongoji chote siku ya pili baada ya simu yangu. Na msimcheke. Mbuzi wa mradi waliwahi kugawiwa kwetu kwa kura, na kamba za kisima pia, hivyo alifanya alilolijua. Walisali kwanza. Wakatia maharage katika chungu, mekundu na meupe, kila kaya ikaingiza mkono bila kutazama. Jekundu umepata, jeupe umekosa. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyependelewa. Mke wa Deo mwenyewe alitoa jeupe, na alikuwa amebaki nyumbani kwake.

Neema akauliza kwa upole, labda akitafuta ushahidi, hizo kura zenyewe ziko wapi. Deo akatazama chini. Akasema ilikuwa njaa, watoto walikuwepo, na chungu kilikuwa tayari na maji. Wamezikura.

Ikabidi kueleza. Masanja akapanda juu ya magunia, akatumia ile sauti yake: "Jamani, haya mahindi si ya kula! Ni ya kula!" Watu wakatazamana. Deo, akidhani ameelewa, akawageukia akawatafsiria: "Mmesikia? Si ya kura. Ni ya kura." Neema akarudia kwa Kiswahili chake cha Dodoma, kila herufi mahali pake, lakini kwa masikio yetu yalikuwa maneno yaleyale mawili yanayofanana. Mtu mmoja mstarini akanong'ona kwamba pengine ni kura za uchaguzi. Wengine wakaanza kuvuta vikapu vyao nyuma kidogo.

Mimi ndipo nikaona ujinga wangu. Nilikuwa bado naogopa kuongea Kihangaza mbele ya Neema. Nikamwomba radhi kwanza, kwamba sitamsema, kisha nikawaambia watu wangu neno moja: *kurya*. Ni ya kurya, ya nyumba zote. Kwetu kurya ni kula, na haliwezi kuchanganywa na kitu kingine chochote chini ya jua.

Halafu kicheko, kile cha kuanzia tumboni, hata wengine wakakaa chini. Kisha wakakumbuka majirani, wakaanza kupaza sauti bondeni na vilimani. Waliokosa wakaanza kutokea, wengine bado na majembe mkononi. Mke wa Deo alikuja akipita mbele ya mumewe bila kumwangalia, akamwambia, "Mwenyekiti wa maharage," akaenda kupanga mstari.

Ila shangazi hakuja.

Ng'ambo ya bonde

Sauti zilimfikia, maana waliokaa karibu naye walikuja. Wakaniambia amesema yeye amekosa, basi amekosa. Neema alitazama mawingu. Akaniambia, na niliona inamuuma, kwamba hawezi kumpa mtu mwingine debe la shangazi, agizo ni mtu achukue mwenyewe kwa mkono wake, kwa kuwa kwingine madebe ya wazee yameishia njiani. Kamba za mzigo zikishafungwa wataondoka, na lililobaki litakwenda Kanazi. Sikuweza kumwita mbaya. Kanazi nao walikuwa wamesimama mahali fulani wakitazama mawingu yaleyale.

Nikateremka bonde nikikimbia, mimi na umri huu. Nilimkuta shangazi amekaa mlangoni, mikono mapajani. Hakukuwa na moto jikoni. Nikaongea haraka haraka, mambo ya simu, ya ulimi wangu, ya Masanja, nikitumaini atacheka. Hakucheka.

"Tulisali kabla ya kutia mkono," akasema. "Nikatoa jeupe. Ukiniambia sasa niende, unaniambia Mungu alikosea, au unaniambia nikaombe?"

Nikasema si kuomba. Ni lake.

"Na nisipokwenda, yanakwenda wapi?"

Hapo ndipo ningeweza kumdanganya. Nilifikiria kudanganya, kwa nini nifiche? Wajukuu walikuwa nyuma yake gizani, nikisikia wanavyopumua. Lakini huyu ndiye aliyenifundisha kusali. Nikamwambia yanakwenda Kanazi.

"Kanazi wana njaa?"

"Wana njaa."

"Basi waache wale."

Ninyi mngekuwa na jibu? Nilikaa chini kwenye vumbi pembeni yake, na nadhani nililia kidogo, kwa hasira, ya nani sijui. Baada ya muda akaniuliza, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, yule binti wa serikali alisema maneno gani hasa. Si ya kwangu mimi, si ya Deo. Ya yule binti.

Nikayakumbuka vizuri, nikampa kwa Kihangaza yalivyokuwa: kwamba yanayokuja ni ya kula, ya kila kaya, wajiandae na vyombo.

"Alisema hivyo kabla ya kura?"

"Kabla. Kule Biharamulo."

"Kila kaya."

"Kila kaya, shangazi."

Akatikisa kichwa taratibu. "Kumbe tulimuuliza Mungu swali lililokwisha kujibiwa," akasema. "Ndiyo maana alinipa jeupe. Hakuninyima, alinyamaza tu." Akainuka kwa kushika mwimo wa mlango, akaingia ndani, akatoka na kikapu na kanga safi. Alikawia kuifunga ile kanga. Nilitaka kumwambia aharakishe, nikajizuia. Mtu hapandi kuchukua haki yake akiwa hajajifunga vizuri.

Tulipanda kwa mwendo wake. Matone ya kwanza yalitukuta katikati ya mlima. Kutoka chini nilimwona Masanja juu ya lori akifunga kamba, akiifungua, akiitazama kama hajawahi kuona kamba, akiifunga tena. Neema alikuwa amempa mgongo, ameangalia upande mwingine kabisa, na watu wote wakawa wanaangalia anakoangalia yeye.

Shangazi akasimama mbele ya lori. Neema akampa shikamoo, akaitikiwa. Akampimia debe yeye mwenyewe kwa mikono yake, akalisawazisha, halafu akafungua mdomo kama mtu anayekanyaga jiwe mtoni, akajaribu: "*Murye*." Maana yake mle. Sijui alikuwa amemwuliza nani wakati nilipokuwa bondeni. Alilisema vibaya kidogo, na hakuna aliyecheka.

Shangazi akainama, akajitwisha. Nilinyoosha mikono kumpokea, akanikataza, akaniambia nishike ncha ya kanga yake tu maana chini kunateleza. Tukaanza kuteremka, mimi nimeshika kanga kama mtoto. Nyuma yetu injini ikawaka, magurudumu yakazunguka kwenye tope, yakashika. Yeye bila kugeuka, kwa sababu ya mzigo, akasema waende upesi, watu wa Kanazi wanangoja.